Lori la Kupanda Mlima na Lori la Kushuka

Wiki hii nimeamua kumjibu msikilizaji mmoja wa Mafinga ambaye ameniletea ujumbe mrefu. Yeye na nduguze wawili wanafanya biashara ya mbao za Sao Hill. Wamechoka kukodi malori ya watu, wamechangishana fedha, na sasa wanataka kununua kichwa na tela lao wenyewe. "Shikamoo kaka," anaanza, kisha anauliza bila kuzunguka: wanunue kichwa cha namna gani kitakachovuta tela la mbao hadi Dar es Salaam, na kikirudi kibebe saruji au mbolea hadi Mbeya?

Mimi si fundi wa magari. Ni mtu wa maikrofoni na kalamu. Hata hivyo nimelipenda swali hilo, kwa sababu katika Nyanda za Juu Kusini limekwisha kuulizwa mara nyingi, na waliouliza hawakuwa wafanyabiashara wa mbao peke yao. Serikali mbili huru ziliwahi kukaa kitako kulitafutia jibu, nchi jirani ikiwa imekabwa koo. Kwa hiyo kabla ya kumjibu ndugu yetu wa Mafinga, hebu turudi nyuma kidogo.

Tuanze na chombo chenyewe. Semitrela ni tela lisilo na miguu ya mbele. Lina magurudumu nyuma tu, na mbele linaulaza uzito wake mgongoni mwa kichwa. Pale mgongoni pana sahani nzito ya chuma iliyopakwa grisi, yenye mdomo unaokamata pini iliyo chini ya tela. Waingereza huiita sahani hiyo gurudumu la tano. Jina ni la zama za mikokoteni ya farasi, ambayo juu ya ekseli ya mbele ilikuwa na duara lililolala ili ekseli iweze kugeuka. Mwaka 1914 mhunzi mmoja wa Detroit, Marekani, aitwaye August Fruehauf, aliombwa na mfanyabiashara wa mbao amtengenezee kitu cha kubebea mashua yake nyuma ya gari dogo la Ford. Akakata kiti cha nyuma, akaunganisha tela. Kazi ikapendeza, na yule mwenye mbao akaagiza matela zaidi ya kubebea mbao zake. Nduguze wa Mafinga watafurahi kusikia kwamba semitrela ya kwanza ya Fruehauf ilitengenezwa kwa ajili ya mwenzao wa kazi.

Namna ya pili ya kuvuta ni lori lenye bodi yake na mzigo wake, likikokota nyuma tela lililo kamili kwa mkono wa chuma. Madereva wetu huliita pulingi. Mtu wa pembeni anaweza kudhani tofauti ya pulingi na semi ni ya sura tu. La hasha. Katika barabara ya matope, tofauti hiyo ndiyo ya kufika au kulala porini.

Wakati wa mkoloni tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa huku kwetu, kwa sababu mzigo wenyewe ulikuwa mdogo. Mji wa Mbeya ulikua mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Reli ya Kati ilipita mbali kaskazini, hivyo watu wa reli wakaendesha huduma za barabara, mabasi na malori, kutoka stesheni za Dodoma na Itigi kuja Iringa, Chunya na Mbeya. Lori la tani chache lilitosha. Mvua ikinyesha, safari inasubiri. Hakuna aliyekufa njaa huko Ulaya kwa sababu gunia la kahawa limelala siku nne Igawa.

Mambo yalibadilika Novemba 11, 1965. Siku hiyo Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache tu tangu ipate uhuru wake, na karibu kila kitu chake kilipita kusini: shaba ilitoka kwa reli ya Rhodesia, mafuta yaliingia kwa njia hiyo hiyo. Desemba mafuta yakakatika. Uingereza, Marekani na Kanada zikaleta ndege kubeba mapipa ya mafuta angani. Ni jambo la ajabu kidogo ukilitafakari, kwani ndege inachoma mafuta mengi ili kupeleka mafuta. Zambia isingeweza kuishi hivyo. Ilibaki barabara moja, ile ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma hadi Kapiri Mposhi, zaidi ya kilomita 1,700, na sehemu yake kubwa ilikuwa changarawe na udongo mtupu.

Hapo ndipo serikali mbili zilipouliza swali la ndugu yetu wa Mafinga. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, iliyojulikana kwa herufi za ZTRS. Serikali ya Tanzania ilikuwa na asilimia 35 ya hisa, ya Zambia asilimia 35, na mbia wa Kiitaliano, Intersomer, asilimia 30. Mbia akiwa Mtaliano, malori yakawa ya Fiat. Naam, siasa na fedha zilikuwa na sauti katika uchaguzi huo, na wenye kununua malori leo kwa mkopo wanajua kwamba mwenye fedha ndiye anayekuonyesha gari la kununua.

Lakini sidhani kwamba lilikuwa chaguo baya. Fiat 682, lori zito la kiwanda hicho lililoenea sana Afrika katika miaka ile, lilikuwa na injini ya nguvu za farasi zipatazo 180. Kwa leo ni kidogo. Halikuwa na mbwembwe. Lilitengenezwa na watu ambao nao nchi yao ni ya milima mirefu. Hadi miaka hiyo malori mazito ya Kiitaliano yalikuwa na usukani upande wa kulia, ingawa Italia wanaendesha kulia kwa barabara. Sababu yake ni kwamba katika njia nyembamba za milimani dereva alitaka kukaa upande wa korongo, auone ukingo kwa macho yake. Kwetu sisi tunaoendesha kushoto, usukani wa kulia ndio ulio sawa, hivyo mazoea ya milima ya Italia yakawa yametufaa bila mtu kukusudia.

Lori hilo liliuzwa kwa namna mbili: lenye herufi N kwa kubeba bodi na kuvuta tela, na lenye herufi T, yaani kichwa cha semitrela. Kiwanda kilikuwa kimoja na injini ilikuwa moja, na kazi zikawa mbili. Sasa jiweke katika kiti cha mnunuzi wa mwaka 1966. Barabara ni tope kuanzia masika hadi Mei. Mzigo wa kwenda ni mapipa ya mafuta, wa kurudi ni shaba. Ungechagua ipi?

Fikiri hivi. Lori la pulingi lina mzigo mgongoni mwake, juu kabisa ya magurudumu yanayosukuma. Likifika chini ya mlima unaoteleza, dereva anaweza kulifungua tela, akapandisha nusu ya mzigo, kisha akarudi kuchukua nusu nyingine. Kichwa cha semi ukikifungua tela hakina kitu mgongoni, kimebaki kama punda aliyetuliwa mzigo, na mzigo wote umebaki chini. Kwa upande mwingine, kichwa cha semi kinaweza kuliacha tela likipakuliwa na kuondoka na lingine, na kurudi nyuma kwa semi ni rahisi kuliko kurudi nyuma kwa pulingi, ambayo huvunjika sehemu mbili na kumtoa jasho hata dereva wa miaka mingi. Kwa hiyo barabara ikiwa mbaya pulingi ina hoja nzito. Barabara ikiwa nzuri, hoja inahamia kwa semi.

Na wageni waliopita njia ile waliibandika jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Msimamo wangu kuhusu jina hilo ni kwamba lilitungwa na watu waliopita mara moja wakaenda kuandika. Watu wa Ilula, Chimala na Mbalizi waliishi kando ya jehanamu hiyo, wakauza ndizi, chai na viazi kwa madereva, wakawazika waliokufa na kuwasukuma waliokwama. Utingo wa miaka ile kazi yake ya kwanza haikuwa kupakia. Ilikuwa ni kuruka chini lori likianza kushindwa mlima, na kukimbia na kipande cha gogo mkononi kukitia nyuma ya tairi kabla lori halijaanza kurudi. Kijana aliyechelewa hatua mbili hakupata nafasi ya kujifunza tena.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo naomba usikilize, au nisema usome, kwa makini. Tukizungumza habari za lori tunauliza litavuta tani ngapi. Hata bei hupangwa hivyo, kwa nguvu za farasi. Mlima Kitonga na mteremko wa Iwambi huuliza jambo lingine: lori hili litazuia tani ngapi likiwa linashuka?

Hesabu yake ni ya shule ya sekondari. Lori na mzigo vyote pamoja vyenye tani 50, vikishuka kimo cha mita 300, vinatoa nguvu ambayo haina pa kwenda isipokuwa kugeuka kuwa joto. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya mapipa mawili ya maji, yale ya lita 200. Dereva akishuka kwa kukanyaga breki tu, joto lote hilo linaingia katika ngoma za breki. Zinapopata moto kupita kiasi ngoma hutanuka, utambi wa breki hupoteza ukali, na mguu unazama bila lori kusikia. Upepo upo kwenye mitungi, mipira ni mizima, fundi akikagua kesho yake anaweza asione kilichokatika. Ndiyo maana baada ya ajali unasikia dereva anaapa kwamba breki zilikuwa nzuri asubuhi. Huenda hasemi uongo.

Dawa yake ni kuliacha joto hilo litoke kwa njia nyingine. Wazee walifundishwa kushuka kwa gia ile ile ambayo wangepandia, injini ikilia na kulizuia lori. Magari mapya zaidi yana breki ya injini inayobana moshi, na mengine yana kifaa kinachofungwa kwenye gia boksi kinachotumia oili kuzuia mwendo bila kugusa ngoma za breki hata kidogo. Kiwanda cha Scania ni mojawapo ya vinavyojulikana kwa kifaa hicho. Adui wa yote hayo ni tabia ya kuliweka gari nyutro kwenye mteremko ili kuokoa dizeli. Dereva anayefanya hivyo ameiondoa injini kazini na kuziachia breki mzigo wote, na akitaka kurudisha gia lori likiwa limeshika mwendo, gia hazikubali tena.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi, na mapipa yakapungua barabarani. Barabara yenyewe ikajengwa upya kwa lami kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengine, kazi iliyofika ukingoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitonga pakakatwa upya. Kisha likaja treni la Uhuru. Julai 1976 Wachina waliikabidhi TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyopita Makambako na Mbeya, iliyokusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Wengi walidhani habari ya malori imekwisha.

Haikwisha. Reli haikufikia makusudio yake, na iliendelea kushuka hadi mwaka wa 2014/15 ilipobeba tani zipatazo 88,000 tu. Septemba 2024 serikali za Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing makubaliano ya kuifufua, na mimi ni miongoni mwa wanaoombea ifufuke. Lakini kwa miaka yote hiyo mzigo haukusubiri. Ulipanda barabarani, na uchaguzi wa lori ukatoka mikononi mwa serikali ukaingia mikononi mwa watu binafsi, hasa baada ya biashara kuanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980.

Waliochagua safari hii walichagua semi, na jambo kubwa lililowaamulia lilikuwa kontena. Kontena la futi 40 ni boksi la zaidi ya mita 12. Halikatiki katikati likalala nusu juu ya lori na nusu juu ya tela. Linataka mgongo mmoja mrefu. Lami ilikuwa imeiondolea pulingi hoja yake ya matope, kontena likamaliza kesi. Pulingi zipo hata leo, hasa za nafaka na saruji, lakini ukisimama Makambako saa moja jioni utaona mwenyewe nani ameshinda.

Basi ndipo vikaja vichwa vilivyotumika Ulaya. Vingi vilitoka Uingereza kwa sababu ya usukani wa kulia. Ni magari mazuri, sitaki nieleweke vibaya. Ila lazima tuelewe yalitengenezwa kwa kazi gani. Nchi nyingi za Ulaya bara zinaruhusu tani 40 kwa gari la kawaida la masafa. Uingereza tangu 2001 inaruhusu tani 44 kwa lenye ekseli sita. Kichwa cha Kiingereza mara nyingi kina ekseli tatu, lakini inayosukuma ni moja tu. Nyingine ni ya kubeba, na dereva anaweza kuinyanyua akiwa hana mzigo. Kwenye barabara kuu za kule kinatosha. Kwenye Kitonga yenye ukungu na mvua ya Februari, ekseli moja inayosukuma huanza kuzungusha matairi bure, lori linasimama katikati ya kona, na nyuma yake foleni inafika bondeni.

Sasa, ndugu yangu wa Mafinga, nimefika kwako. Kabla hujauliza nguvu za farasi, piga hesabu ya mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ilianza kutumika kwetu mwaka 2019. Inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizo pamoja, na tani 24 kwa tatu zilizo pamoja, na gari zima lisizidi tani 56 hata likiwa na ekseli saba. Kichwa cha difu moja chenye tela la ekseli tatu kinakupa 8 na 10 na 24, jumla 42. Kichwa cha difu mbili chenye tela lile lile kinakupa 8 na 18 na 24, jumla 50. Toa uzito wa kichwa na tela vyenyewe, ambao aghalabu hufika tani 15 au zaidi, utaona kwamba difu ya pili ndiyo inayokupa faida yako yote. Inakula dizeli zaidi, ni kweli. Lakini inashika lami ya mvua, na mizani ya Wenda au Makambako haitakupakulia mbao barabarani.

Pili, tazama sahani yenyewe ilipofungwa. Inatakiwa ikae mbele kidogo ya kitovu cha ekseli zinazosukuma, ili sehemu ya uzito iende kwenye usukani. Ikiwa nyuma mno, lori likipanda mlima mbele kunakuwa kwepesi na usukani unakuwa kama wa mtumbwi. Ikiwa mbele mno, ekseli ya usukani itazidi tani zake 8 na utapigwa faini huku jumla yako ikiwa halali. Tazama pia kama mdomo wa sahani umelika, na kama kipenyo cha pini ya tela kinalingana nao, kwa sababu pini ziko za milimita 50 na za milimita 90. Dereva wako akishaunganisha tela, afunge breki za tela na kujaribu kwenda mbele taratibu. Kama pini haikukamatwa sawasawa, ni heri ijulikane hapo yadini kuliko Mlima Kitonga.

Tatu, na hili watu hulipuuza sana, jali namna mzigo unavyokaa. Shaba ni nzito na inakaa chini. Rundo lisilofika kiunoni linatosha kujaza uzito wa semi nzima, nayo tela linatulia. Mbao zako ni nyepesi na zinapanda juu, zinafika kimo cha kichwa na kupita. Lori la shaba na lori la mbao yenye uzito ule ule hayakati kona kwa namna moja. Kontena nalo lina vifungo vya pembe nne ambavyo madereva wengine huviona kama mapambo. Machi 11, 2015, pale Changarawe, si mbali na kwenu Mafinga, kontena liliangukia basi la abiria lililotoka Mbeya na watu zaidi ya 40 wakafariki. Watu wa Iringa na Mbeya hawahitaji kukumbushwa. Ninaikumbusha kwa ajili ya anayenunua tela akidhani anachonunua ni chuma tu.

Na la mwisho kwako: usilinunue tela kama kitu cha kuongezewa. Nimewahi kwenda na jamaa kumtazamia gari katika yadi moja ya magari yaliyotumika, na muuzaji alitumia nusu saa nzima kutuonyesha kitanda cha dereva, redio na rangi. Tela lilikuja mwishoni, likiwa na bei ya kutupa, na fundi wetu alipolala chini yake alikuta breki za ekseli moja zimezibwa upepo kwa makusudi, mpira umepindwa na kufungwa kwa waya. Ekseli mbili zilikuwa zimeachiwa kazi ya tatu. Hatukununua. Lakini niliondoka nikijiuliza mwenzetu atakayelinunua ataligundua wapi.

Huenda akaligundua Iwambi. Julai 1, 2018, katika mteremko huo wa Mbeya, watu 20 walikufa lori lilipoyavamia magari ya abiria. Hawakuwa na neno lolote katika kuchagua lile lori. Walikuwa ndani ya daladala, wengine wanakwenda Mbalizi tu. Mwaka 1966 serikali zilichagua lori moja kwa niaba ya wote, na kama lilikuwa na kasoro, palikuwa na mahali pa kupeleka lawama na mahali pa kupeleka fundi. Leo kila mwenye fedha anachagua lake, mchana au usiku, na barabara ni ile ile moja kwa aliyechagua vizuri na aliyechagua vibaya.

Kwa sababu hiyo nina pendekezo moja, na nalielekeza kwa wenye mamlaka ya barabara na wenzao wa usalama barabarani. Pale Uyole kila lori la mizigo linapita mizani. Tumekubali, wala hakuna anayelalamika sana, kwamba lori lisimame na kupimwa uzito wake kabla ya kuharibu lami. Mashine za kuzungusha magurudumu na kupima nguvu ya breki kwa kila ekseli zipo duniani na si siri. Ziwekwe hapo kando ya mizani, na tela lipimwe kwa namba zake lenyewe, mbali na kichwa. Lori linaloelekea Tunduma lipimwe kabla ya kuukabili mteremko wa Iwambi. Linaloelekea Dar es Salaam likiwa na shaba lipimwe Wenda, kwa sababu mbele yake ipo Kitonga, na safari hiyo linashuka.